Kuhusu Kichina cha Binti Yangu na Ukimya wa Mama Yangu Mezani

Parma, Ohio
Mwezi Mei

Mheshimiwa Mkuu wa Udahili, Chuo cha Ashgrove,

Nakusalimu kwa heshima zote, pamoja na hasira kidogo ambayo mke wangu Corinne ameniomba niipunguze. Nimeipunguza. Ungeiona barua ya kwanza!

Mimi ni baba yake Tessa Gorczyca, binti mliyemweka kwenye orodha ya kusubiri, hamkumkubali wala hamkumkataa. Asubiri nini, Mheshimiwa? Mtu afe? Ametamani chuo chenu tangu utotoni, na mimi nimekitamani kuliko yeye. Malalamiko yangu ni haya.

1. Tessa alipoingia sekondari, afisa wenu alisimama kwenye ukumbi wa shule akasema chuo kinapenda mtoto aliyesoma lugha moja ya kigeni miaka yote minne. Wazazi tuliitikia kwa vichwa kama waumini. Tessa alitaka Kihispania, pamoja na rafiki zake. Bi. Ackley, mshauri tuliyemwajiri atuonyeshe njia za vyuoni, akacheka sana. "Bwana Gorczyca, Kihispania siku hizi kila mtoto anacho, kama soksi. Mpe kitu kitakachowashtua." Tukampa Kichina. Alilia wiki nzima. Nikamwambia, "Lia, mwanangu, lakini lia huku unaandika herufi."

2. Tunaishi na mama yangu, Halina. Lugha yake ni Kipolandi. Kiingereza chake ni cha dukani na kanisani tu. Bi. Ackley alituonya kwamba lugha ya nyumbani isiyokuwemo kwenye cheti cha shule haimsaidii mtoto, na isitoshe, mshika mawili moja humponyoka. Basi nikapiga marufuku Kipolandi mezani, Kichina kisije kikaharibika. Mama alinitazama, akasema kwa Kiingereza, "Sawa, bosi," akaendelea kugawa pierogi zake, vile vinyunya vya Kipolandi vyenye viazi ndani. Tangu siku hiyo anakula nasi kimya. Mama huyu, Mheshimiwa, zamani alikuwa anaongea hata na friji! Sadaka hiyo mmeipima kwa mizani gani?

3. Garrett, mtoto wa jirani, mmemchukua. Garrett! Kihispania cha miaka miwili, na alama za kuombea msamaha. Baba yake amenisimulia akiwa upande wa pili wa ua, bila mimi kumwuliza, kwamba kijana aliwaandikia insha kuhusu jinsi alivyojifunza Kihispania akiosha vyombo mgahawani, kwa mpishi mmoja, mpaka wakawa wanataniana. Kutaniana! Na mpishi! Sisi Tessa tulimzuia hata kwenda harusi ya binamu yake kwa sababu ya mtihani wa Kichina. Kama mlikuwa mnataka watoto wanaoongea na watu, si mngesema mapema? Tungemwajiri mtu wa kuongea naye.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, mchague moja. Mumtoe Tessa kwenye hiyo orodha, mumpe nafasi. Au mumtoe Garrett hapo chuoni. Au mje nyumbani kwetu, mkae mezani, mmweleze mama yangu kwa lugha yake kwamba alinyamaza bure. Mimi siwezi, Kipolandi sikufundishwa. Marehemu baba naye alikataza, alitaka nifike mbali. Nimefika mtaa wa pili kutoka nilikozaliwa.

Corinne anakusalimu. Tessa angekusalimu kwa Kichina, ila amejifungia chumbani. Mama amepunga mkono. Nadhani ni salamu. Wasalimie na wenzako wote ofisini, hasa yule afisa wa ukumbini.

Wako mtiifu, mpaka utakaponijibu,
Wendell Gorczyca

Baada ya sahihi: Stempu nilikuwa nimeshabandika, kwa hiyo barua itakuja tu, lakini ujumbe wenu umeingia sasa hivi: Tessa amepata nafasi! Mnasema kilichowageuza ni insha ya nyongeza aliyowatumia mwezi uliopita. Nimemwomba, nimeisoma. Kumbe kila nilipokwenda kazini Tessa na bibi yake walikuwa wanajifungia gereji, wanapiga soga za Kipolandi, wanavunjika mbavu wakimwigiza "bosi" mmoja. Loo! Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Tafadhali puuzeni malalamiko yote. Garrett abaki. Na yule baba wa kwenye insha msimtilie shaka, ni wa kweli.

Naongeza usiku huu: kwenye chakula cha jioni nimeondoa marufuku. Mama na Tessa wameongea mpaka pierogi zikapoa, wakacheka hadi machozi, na mimi nikacheka nao ili nisionekane mgeni. Sikuelewa hata neno moja, Mheshimiwa, na imeniuma. Kama hapo chuoni kuna darasa la Kipolandi la wanaoanza kabisa, naomba mniweke kwenye orodha ya kusubiri.