Vijiko Sita vya Kitunguu Saumu

Jumatatu, tarehe 9

Namshukuru Mungu kwa viumbe vyake vyote, ingawa kwa nzi namshukuru kwa shida. Leo Bibi Harusi, ng'ombe wetu wa pekee, kanichapa mkia usoni mara nane nikimkamua. Si kosa lake. Alilenga nzi, mimi nikawa njiani.

Habari kubwa! Jumamosi bwana mifugo atachagua nyumba ya kupewa mtamba wa ushirika, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Tumebaki wawili: sisi na jirani yangu, tunayemwita Mhandisi kwa kuwa hutengeneza kila kitu kwa waya. Masharti: ng'ombe asiye na nzi wala kupe, maziwa yasiyokataliwa kituoni siku mbili mfululizo. Mama watoto anaomba tupewe mtamba mwaka wa tatu sasa, kila alfajiri, kwa sauti.

Muuza dawa za mifugo kanishauri kitunguu saumu kilichopondwa, kijiko kimoja kwa siku kwenye pumba, baada ya kukamua, mwezi mzima. Harufu hutokea kwenye ngozi, nzi wakakereka. Nikapiga hesabu. Mwezi ni vijiko thelathini. Mimi sina mwezi, nina siku tano. Basi sita kwa siku! Shule niliishia darasa la saba, lakini kugawanya ninakujua.

Jumanne, tarehe 10

Nimeponda kwenye kinu cha mama watoto. Nimemwambia ni dawa ya kifua. Si uongo kamili, kifua kina wasiwasi. Akafurahi kwamba hatimaye najijali, akanisimamia nimeze punje nne. Kwenye ibada ya jioni watu walinipisha kama mgeni rasmi.

Bibi Harusi alipiga chafya, kisha akala. Nilitia molasi. Na sikungoja kukamua kwanza. Mambo ya kungoja ni ya wenye mwezi.

Jumatano, tarehe 11

Nzi wamehama! Wamebaki wawili, nao wanayumba. Wengine wako kwa Mhandisi. Nimesikia ng'ombe wake akipiga ndoo mateke. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikaomba msamaha, maana nilishukuru huku nacheka.

Mhandisi kachungulia juu ya ua, kauliza siri yangu. Nikasema ni maombi.

Alhamisi, tarehe 12

Siku ya aibu. Karani wa kituo cha maziwa alifunua kopo langu, akarudi nyuma hatua mbili, akaita wenzake waje wanuse. Mbele ya foleni nzima akaniuliza, “Mzee, haya ni maziwa au mchuzi?” Mhandisi alicheka mpaka akashika ukuta. Lita tisa zimekataliwa! Zikikataliwa na za kesho, tunafutwa kwenye orodha.

Nikarudi kwa njia ya nyuma. Mama watoto alinusa kopo, akanusa kinu, akaninusa mimi. Hakupaza sauti.

“Baba watoto, mtamba huyo nimemwomba kwa Mungu, tena kwa magoti. Ukinikosesha, nitakukamua wewe.”

Akachukua koleo, akaenda bandani. Mimi sikualikwa. Nikaenda kusali.

Ijumaa, tarehe 13

Kitunguu ni marufuku. Bibi Harusi anakula nyasi tupu. Leo karani kanusa mara tatu, kapokea. Mungu mkubwa!

Nimengoja nzi warudi na jamaa zao. Wamerudi wachache tu. Bila shaka kitunguu kimeshaingia damuni. Ningewaza zaidi, lakini kelele za koleo zimenisumbua kutwa. Mama watoto anazoa samadi, anaifukia shimoni, anamwaga majivu sakafuni. Kila mtu na namna yake ya kupoza hasira.

Jumamosi, tarehe 14

Bwana mifugo kaja. Kafunua kope za Bibi Harusi, kauliza amekula nini. Nikaeleza kwa fahari. Akaniambia kitunguu kingi huharibu damu ya ng'ombe na kutia maziwa harufu. Hata kikiwa kiasi, ni msaada mdogo tu, maana nzi huzaliwa kwenye samadi. Akatazama sakafu kavu na shimo lililofunikwa. Akauliza ni kazi ya nani. Mama watoto akamwonyesha viganja vyenye malengelenge.

Kwa Mhandisi samadi ilifika kwenye vifundo vya miguu, na juu yake feni ya waya isiyozunguka.

Mtamba ni wetu! Ameandikwa kwa jina la mama watoto. Yeye kalia, mimi nimelia, Bibi Harusi kajamba. Kitunguu bado kimo.

Jumapili, tarehe 15

Mtamba kafika, wa kahawia, paji jeupe. Mama watoto anaimba tangu asubuhi. Mhandisi kaja kutupongeza, na kwa moyo mweupe nimemfunulia siri yote: kitunguu. Habari za koleo sikumchosha nazo.

Mama watoto kanikataza, kwa upole, kugusa hori la mtamba maisha yangu yote. Mke mwema ni zawadi, nitamtii. Hori sitaligusa.

Lakini nasikia siki kwenye maji ya kunywa hufukuza kupe, kifuniko kimoja kwa ndoo. Nimenunua chupa tano. Ndoo haikutajwa.