Karabai, Dagaa na Jinai

Jumatatu, 3 Julai 1972, Ujiji
Namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa. Karibu tunachagua balozi wa nyumba kumi, na watu wanamtaja Dismasi wa reli, Mnyamwezi wa kuja, eti kwa kuwa karabai yake inawaangazia watu wazima wa kisomo cha usiku. Leo akiwa kazini nimeichukua, nikaificha ndani ya gunia langu la dagaa. Jumamosi nitaitupa kichakani, niiokote mbele ya umati. Nani atamnyima kura mpelelezi?

Jumanne, 4 Julai
Kisomo kimelala. Nimemuuliza Mzee Filemoni, mzee wa baraza mahakamani, kosa hili linaitwaje. Akasema ni jinai. Si madai ya watu wawili wanaogombea mpaka wa shamba. Kwenye jinai anayeshtaki ni Serikali, na mwenye mali hata akisamehe, jela iko palepale. Neno zito hilo! Nimemshukuru sana. Nimelitangaza mtaa mzima, na polisi nimewaita mwenyewe.

Jumatano, 5 Julai
Koplo Pastory amekuja kupeleleza. Nikamkaribisha chakula, maana mgombea lazima awe mkarimu. Mke wangu Regina akapika dagaa. Koplo akala tonge moja, akauliza tangu lini dagaa wanaungwa kwa mafuta ya taa. Akaomba kuliona gunia. Nikasema mimi nimemsamehe mwizi, yaishe. Akasema jinai haiishi hivyo.

Alhamisi, 6 Julai
Nimelala mahabusu. Asubuhi Dismasi akaja na Mzee Filemoni, nikajua nimekwisha. Kumbe! Dismasi alicheka, akamwambia koplo kwamba Muha kama mimi akichukua kitu cha Mnyamwezi ni utani wa tangu enzi za mababu, na yeye mwenyewe amemmezea mate jogoo wangu siku nyingi. Mzee Filemoni akasema pasipo nia ya kuiba hakuna jinai. Alinitazama sana alipotamka neno nia. Nikaachiwa. Nimelia mbele yao bila aibu. Ahsante, mtani wangu, kura yangu ni yako.

Ijumaa, 7 Julai, Saba Saba
Jogoo amekwenda kwa Dismasi. Ni haki yake, na moyo wangu umejaa shukrani. Utani ni kitu kikubwa, nilikuwa siujui thamani yake. Regina ameniambia hata Koplo Pastory ni Mnyamwezi, kwao Tabora. Nimepita kituoni kumshukuru, sikumkuta. Nimerudi na baiskeli yake.