Malalamiko Kuhusu Mzee Aliyefuata Mizigo

Maskati, 9 Februari 2025
Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Shinyanga

Kwa Ndugu Sufiani,
Mtafsiri wa Filamu na Mwenye Kibanda cha Video, Segese.

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Naiandikia ofisi yako kwa heshima zote, ingawa najua ni banda la mabati lenye mabenchi na televisheni moja. Namlalamikia rasmi Devraj Malkani, mwigizaji na mwongozaji wa filamu za Kihindi, pamoja na wewe unayemsemea kwa Kiswahili.

1. Malkani nilianza kumtazama kabla hujazaliwa, sinema ya Shinyanga mjini. Alikuwa kijana mwembamba, akiimba kwenye mvua bila kupata mafua. Mama yako Zakia alikataa wachumba wawili kwa kuwa hawakuwa na kope kama za Malkani. Baba yako alikuwa wa tatu, sijui alipitaje.

2. Alipofika miaka hamsini akawa mwongozaji, na jambo la kwanza alilofanya ni kujipa nafasi ya mwanafunzi wa chuo. Nilivumilia. Wewe ukamwita "bwana mdogo" filamu nzima, na watu wakaamini.

3. Sasa amekubali uzee. Katika filamu yake ya karibuni ni mzee wa ughaibuni anayekwenda kuiona nyumba ya dada yake. Nimeuza vitambaa na Wahindi hapa miaka mingi, Kihindi nakisikia. Mzee yule anasimama langoni, anasema, "Nimeiona, inatosha." Wewe ukatafsiri: "Dada, tandika kitanda, nimekuja moja kwa moja." Na alipopanda treni kuondoka, machoni pa watu wote, ukasema, kwa maelezo yako mwenyewe, kwamba anafuata mizigo.

4. Unajitetea kwamba wachimbaji wa dhahabu wanaojaza mabenchi yako wametoka mbali, hawapendi kuona mtu asiyerudi kwao, na kwamba mmoja wao, Masele, alikuonya: "Huyu mzee asipobaki leo, mabenchi haya tunayafanya kuni." Hoja ya kuni naikubali. Lakini benchi la mbele alikaa mama yako. Toka siku ile amepaka chokaa chumba cha uani, na ameulizia ndege zinazotua uwanja wa Ibadakuli, hapo Shinyanga. Jirani yenu Paskalia amenipigia simu kunipongeza. Ameambiwa na mama yako, "Kaka anafuata mizigo tu."

Sina mizigo, Sufiani. Nina kaburi la Mwahija, mke wangu, ninalolizuru kila Ijumaa, na halibebeki.

5. Kwa hiyo naomba Malkani apigwe marufuku kuzeeka hadharani. Akikaidi, airudie filamu yote, na mara hii mzee asiwe na dada. Hilo nalo likishindikana, kibanda kifungwe mpaka umweleze mama yako kwa Kiswahili sahihi alichosema yule mzee langoni.

Nisalimie Masele na wenzake wote wa mashimoni, na Paskalia, ambaye pongezi zake nazirudisha bila kuzitumia. Mama yako nitamsalimia mwenyewe, nikipata la kusema.

Ni mimi, mwenye kudai haki yangu kwa upole,
Mjomba wako Zamoyoni

Nyongeza: Ile rekodi ya onyesho uliyonitumia inakatika mapema. Ukishasema habari ya kitanda, anasikika mama yako, "Si niliwaambia?" Benchi zima linacheka, naye anacheka kuliko wote, na hapo ndipo inapokatika. Nimeisikiliza mpaka simu imepata moto. Nitumie nyingine, ndefu zaidi, na pale pa mizigo usibadilishe neno. Kibanda usikifunge.

Mimi sitarudi.