Ngazi ya Pikapu na Wazee wa Kuze

Jumatatu, 12 Januari

Ngazi imefika! Imetoka Dubai kwenye mizigo ya binamu yangu, imeviringishwa kwa blanketi kama mgonjwa. Chuma kitupu, nyeusi, ya kukunja. Unaifunga kwenye mlango wa nyuma wa pikapu. Ukishusha mlango na kuvuta, ngazi inajikunjua mpaka chini, na mtu anapanda taratibu kama anaingia kwake. Ina hata mkono wa kushikia. Mtaa mzima wa Kuze hakuna pikapu yenye kitu hiki. Mombasa nzima, pengine.

Mona hakufurahi. Mke wangu ana ugonjwa wa kukumbuka mambo. Akakumbuka lile friji la kukodisha kwa wavuvi. Akakumbuka hema langu la harusi, lililopeperuka mpaka Kizingo likatua juu ya maua ya watu wakubwa. Akasema hii ndiyo ya mwisho. Nikishindwa na ngazi, pikapu inauzwa, na mimi nakwenda kupima misumari dukani kwa kaka yake, Faraj. Ameapa. Na Mona akiapa ameapa.

Mimi kupima misumari! Chini ya Faraj, anayehesabu hata vijiti vya meno! Nimemwambia asubiri.

Hajui nilichokipanga. Harusi zote za Kuze anapika Bi Swafia, na Bi Swafia haachani na sufuria lake. Biriani ikishaepuliwa, haitoki machoni mwake mpaka ifunuliwe mbele ya wenye harusi. Kiti cha mbele hakitaki. Atakaa nyuma, kwenye stuli yake, mkono juu ya kifuniko. Tabu ni magoti. Mwezi jana alipandishwa kwenye pikapu ya Aidarus kwa kusukumwa, hadharani, na aliposhuka akasema hapandi tena gari la mtu mpaka apandishwe kwa heshima. Aidarus! Gari jipya, honi ya kuamsha maiti, na ngazi hana. Bi Swafia akinichagua mimi, harusi zote za kabla ya Ramadhani ni zangu.

Jumanne, 13 Januari

Nimeifunga mwenyewe. Maelezo yalikuwa ya Kichina, na picha zilichorwa kwa ajili ya mtu mwenye subira. Zimebaki bolti kadhaa. Hao watengenezaji huweka za akiba.

Nikaitoa kwenda kuonekana. Nikapita barabara ya Ndia Kuu polepole, dirisha wazi, kiwiko nje. Watu wakanitazama. Wakaanza kupiga makofi. Akina mama wawili wakapiga vigelegele! Nikasema moyoni, hatimaye. Nikawapungia mkono. Nikapiga na honi.

Kumbe ngazi ilikuwa imejikunjua yenyewe pale nyuma, ikanasa kamba ya vikoi nje ya duka la Joab, muuza vinyago, na nilikuwa naburuta vikoi vyake vyote barabarani, vya kila rangi. Watu walidhani nimebeba bibi harusi. Joab alinikuta kwenye kona akiwa anahema, twiga wa mbao kwapani, sijui kwa nini alikuja naye. Akasema yeye alitoka kwao bara kuja kuuza vinyago kwa amani, na kwamba katika miaka yake yote hapa hajapata kuona mtu akiiba duka zima huku akipunga mkono. Nimevichukua vikoi vyote nyumbani vikafuliwe. Mona amevipokea akavihesabu kimoja kimoja. Afadhali angefoka.

Nimeifunga ngazi kwa waya. Sasa haifunguki ovyo.

Jumatano, 14 Januari

Siku njema. Leo nimetumia akili.

Habari yoyote ya Kuze huanzia barazani. Lakini wazee wetu hawana baraza tangu yule bwana aliyenunua nyumba ya pembeni alipopanga vyungu vya maua juu ya baraza lake, pale walipokuwa wakikaa tangu enzi za baba zao. Hakuna anayemjibu salamu zaidi ya kiasi cha sheria. Tangu hapo wazee wanatangatanga baada ya swala ya alasiri, wamesimama kwenye kona kama wanaongoja kuitwa.

Basi nikaegesha pikapu mbele ya mlango wangu, penye kivuli, nikaikunjua ngazi, nikaenda kumwita Maalim Shee. Maalim Shee ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni, na mgongo wangu ungali unamkumbuka. Nikamwambia, Maalim, karibu ujaribu, useme kama ni imara. Akaketi kidato cha juu. Akajisogeza. Akasema, "Mashallah." Wenzake wakaketi vidato vya chini. Nikamwita muuza kahawa, nikawaletea na halua.

Wamekaa mpaka magharibi. Kabla ya isha Bi Swafia ameshaletewa habari kwamba Salem ana ngazi iliyombeba Maalim Shee na ukoo wake. Mimi si mtu wa kupima misumari.

Alhamisi, 15 Januari

Bi Swafia amekuja asubuhi! Akaizunguka pikapu. Akaitikisa ngazi. Akaniuliza waya ule ni wa nini, nikamwambia ni urembo. Akapanda. Akashuka. Akapanda tena, safari hii bila kushika. Akasimama kule juu akawatazama watu wa mtaa, na wallahi niliona macho yake yamelowa. Akasema, "Mwanangu Salem, wewe una adabu." Jumamosi ni harusi ya mjukuu wake, Rahaf. Sufuria zote nitabeba mimi. Ziondoke baada ya alasiri, zifike ukumbini kabla ya magharibi. Nikiwahi, harusi zilizobaki ni zangu pia. Nikichelewa, atamrudia Aidarus na magoti yake atayakabidhi kwa Mungu.

Nimemwambia Mona. Amesema inshallah, ile ya kumaanisha hapana.

Alasiri nilitaka kwenda kununua tairi la akiba. Sikwenda. Maalim Shee na wenzake walikuwa wameshaketi. Nikapitapita. Nikatoa ufunguo, nikauchezea mkononi uone jua. Maalim akaniambia, "Salem, ndoo hapa ukae. Mbona wahangaika?" Nikakaa.

Mtu anawezaje kumwambia mwalimu wake aondoke? Na nimemkaribisha mwenyewe, kwa kahawa! Mgeni aliyekaribishwa anajua mwenyewe saa ya kuondoka.

Ijumaa, 16 Januari

Hawa wazee wananitoa roho.

Nimejaribu kila hila ya heshima. Kwanza nikamwagia ngazi maji kabla hawajaja. Maalim akanisifu kwa usafi, akatoa leso, akaikausha, akaketi. Nikawasha injini. Wakadhani betri yangu mbovu, wakanipa ushauri mmoja mmoja, kila mmoja tofauti na mwenzake, kisha Maalim akaniamuru niizime kwa sababu moshi unaingia kwenye kahawa. Nikazima. Mimi, mtu mzima mwenye leseni!

Nikaandika kwenye kipande cha boksi RANGI MBICHI, nikakiegemeza pale. Maalim akakichukua, akakipapasa, akakiweka chini yake akakikalia. Akasema chuma kilikuwa kinamuumiza na Mungu anilipe kheri.

Mbaya zaidi, Aidarus alipita. Akateremka kwenye gari lake jipya ili acheke vizuri. Akaniuliza kama natoza kiingilio. Wazee wakamkaribisha, akakaa! Kwenye ngazi yangu! Akanywa kahawa akaniachia nilipe mimi.

Lakini kesho nina hila. Pikapu haitaonekana Kuze kabisa. Tangu adhuhuri nitaiegesha kule kiwanjani anakopikia Bi Swafia, nyuma ya ukuta. Wakija alasiri watakuta upepo.

Jumamosi, 17 Januari

Sijui nianzie wapi.

Mpaka alasiri kila kitu kilikwenda sawa. Sufuria zikapakiwa. Harufu ya biriani ilikuwa ya kumfanya mtu asamehe maadui. Bi Swafia akavaa buibui jipya, akaipanda ngazi yangu mbele ya wapishi wake wote, kidato kwa kidato, akaketi kwenye stuli yake, akaweka mkono juu ya kifuniko. Nilikuwa na furaha. Nilikwenda kufungua mlango wa mbele, nikatia ufunguo, nikapiga bismillahi.

Ndipo niliposikia, "Asalaam aleikum." Kwenye kioo nikaiona kofia ya Maalim Shee.

Wamezunguka mji mzima kututafuta. Wamemuuliza muuza kahawa, muuza kahawa amefuata harufu. Maalim akasema walikuwa na wasiwasi na mimi, wakadhani nimepatwa na jambo. Kisha wakaketi. Vidato vyote. Muuza kahawa akatua dele lake la kahawa.

Nikamtazama Bi Swafia kwa macho ya kuomba. Yeye haogopi mtu. Alishamfukuza jikoni shemeji wa bwana harusi kwa mwiko. Lakini wazee wameketi mbele ya chakula chake. Nani aliwahi kusikia wazee wanakaa penye sufuria ya Bi Swafia na mikono mitupu? Akafunua kifuniko. Akaagiza sahani. Wakasema hapana, wao wanapita tu. Akasema lazima. Wakasema basi kidogo. Akapakua, na Bi Swafia hajui kidogo ni nini.

Wakala. Wakanawa. Wakaomba dua ndefu, na mimi nimo ndani ya dua, jina langu na la baba yangu. Wakaomba kahawa. Jua linateremka. Ukumbini wanapiga simu. Nikasogea kwa Maalim, nikajikaza, nikamwambia kwa unyenyekevu wote kwamba gari linataka kuondoka. Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Gari latulia, Salem. Wewe ndiye hutulii." Wenzake wakacheka. Mimi karibu nilie.

Na honi ikalia. Aidarus! Wamempigia simu kutoka ukumbini. Akarudi nyuma taratibu akalipanga gari lake ubavuni mwa langu, bodi kwa bodi. Mtu akaweka ubao wa kupangia mikate juu, sufuria zikavuka moja moja. Kisha Bi Swafia akainua buibui lake na yeye akavuka, mguu huu, mguu ule, sawa kama anatoka sebuleni kwenda chumbani. Hakuhitaji ngazi yoyote. Wapishi wakapiga vigelegele.

Akanigeukia kutoka upande wa pili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema, "Ngazi nzuri, mwanangu. Waachie wazee." Aidarus akaondoka na honi zake zote.

Nilirudi nyumbani baada ya wazee kumaliza, yaani magharibi. Mona alikuwa ameshajua. Hakunigombeza. Aliniwekea chai, akachukua simu, akampigia Faraj.

Jumatatu, 19 Januari

Mnunuzi amekuja. Anaitwa Ronald, mtu wa bara, karani bandarini, anataka pikapu ya kubebea spika na viti vya kanisa lao. Nikamwambia Mona nitamsaidia kuionyesha. Kwa kweli nilipanga aje saa ya alasiri, awakute wazee, akate tamaa aende zake.

Akaja. Akawakuta. Akavua kofia, akawapa shikamoo mmoja mmoja, akasimama kando, akasema hana haraka, atasubiri wazee wamalize. Wakampenda papo hapo. Wakasogea apate nafasi. Akaonja kahawa chungu, akakunja uso, akaomba kikombe kingine. Magharibi ilipoingia akawaaga, akasema gari hakuliona vizuri, atarudi kesho.

Amepewa kidato changu.

Alhamisi, 22 Januari

Ronald amekuja kila siku. Leo amekubali kuinunua pikapu, kwa sharti moja. Ngazi haitaki. Amesema dhamiri yake haimruhusu kuondoka na kiti cha wazee. Maalim Shee akamshika mkono hadharani, akamwombea. Mimi nimeishi mtaa huu tangu kuzaliwa sijawahi kushikwa mkono hivyo.

Nikaifungua ngazi. Ilifunguka kwa urahisi wa ajabu, karibu bila spana. Ronald akawasha pikapu, akatoka Kuze taratibu, na mimi nikasimama mlangoni nikilia wazi, sikujificha. Mona alinishika bega. Kisha akanikumbusha Faraj hufungua duka asubuhi na mapema.

Jumatatu, 26 Januari

Nimepima misumari siku nzima. Ya bati, ya mbao, ya kiatu. Nimejichoma kidole. Faraj amesafiri kwenda Umra, ameniachia funguo, akaniambia nisiguse kitu chochote ila mizani.

Ngazi tumeikaza kwenye ukuta wetu. Mlango haufunguki wote tena, Mona anapita kwa upande, lakini kila alasiri pamejaa. Jana wazee wa mtaa wa nyuma walikuja kuomba wapewe na wao. Nimelitafakari jambo hili juu ya mizani, kwa utulivu, kama mtu aliyepata funzo. Na nimeona mahali nilipokosea. Kosa halikuwa la ngazi. Kosa lilikuwa la gari.

Baraza za chuma, za kukunja! Kila ukuta wa Kuze unahitaji moja! Nimempigia binamu yangu Dubai, nikaziagiza kwa jina la duka. Zinakuja na kontena. Faraj atakaporudi atakuta ghala lake halina pa kuweka mguu, na atafurahi sana.