Siku Baba Pacha Alipolitambua Ua Linaloinama

Sogeeni, enyi mnaoanika nguo na enyi mnaongoja maji yachemke. Wekeni mwiko kando, mpeni mtoto kifuniko achezee, msikie habari za vita vilivyopiganwa nyuma ya nyumba yetu, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani, ambako Baba Pacha, mume wangu, Mwalimu wa Udereva, Mfungua Vifuniko Vilivyokaza, Asiyeuliza Njia, alikabiliana na ua asilolijua akalishinda. Nitasimulia yaliyotokea tu. Chumvi sitaongeza, kazi hiyo mwenyewe anaiweza.

Palikuwa na mti. Tulipohamia tuliukuta, na waliotutangulia waliondoka bila kutuachia jina lake. Maua yake yalikuwa marefu kama mkono wa mtoto, mapana midomoni, rangi ya papai bivu, na yote yameinama kama watu walioulizwa nani kamaliza sukari. Mbuzi wa jirani, mla soksi, mharibifu wa mikeka, alikuwa akifika hapo anapita pembeni kwa adabu. Hilo niliona nikaliweka moyoni.

Ikawadia siku wifi yangu, dada mdogo wa shujaa wetu, alipoletewa wakwe watarajiwa kwa mara ya kwanza, na mapokezi yakawa kwetu. Asubuhi wifi akasimama mbele ya ule mti, mikono kiunoni.

"Kaka, hili ni ua gani?"

Swali jepesi, na jibu lake jepesi: sijui. Lakini neno hilo, wasikilizaji, halikuwa limewahi kutamkwa na mwanamume wa ukoo ule. Baba yao alikata roho akiwa na hakika. Shujaa akakohoa kidogo, akanena:

"Hilo ni jamii ya rosela, dada yangu. Linanywewa. Linasafisha damu."

"Basi nitalitia kwenye jagi la juisi. Si unaona hotelini siku hizi wanaweka maua yaelee juu? Wakwe wajue nimetoka kwa watu."

Akaingia ndani kutafuta mkasi. Mimi nikamgeukia mwenye elimu.

"Baba Pacha, unalijua lile ua?"

"Mama Pacha, mbona unanihoji kama askari wa barabarani?"

"Mbuzi halili."

"Mbuzi hajasoma."

"Nenda kamwambie hujui."

Hapo akajinyoosha, akaweka mkono kifuani, akahutubia karo. "Mke wangu, mama wa wanangu, nguzo ya nyumba hii. Mimi nafundisha watu barabara. Nikishaingia njia ya upande mmoja, sirudi kinyumenyume wanafunzi wakinitazama. Neno langu limeshatoka. Lililobaki ni kulitafutia ushahidi."

Mtauliza kwa nini sikusema mwenyewe. Aliyewahi kuwa na wifi haulizi. Mke wa kaka akimnyima wifi ua siku ya wakwe, kesi hiyo hurithiwa na wajukuu. Kaka ndiye aliyesema linanywewa, na ni kaka tu angeaminiwa akisema halinywewi. Na wageni walikuwa njiani, na wazee miongoni mwao.

Basi shujaa akaitwaa simu yake, ngao yenye ufa pembeni, iliyo na programu ya kutambua mimea, akaenda vitani amevaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Akapanda juu ya ndoo. Akapiga picha kutoka juu. Simu ikatafakari, ikasema: mbiringanya.

"Simu imenitukana," akasema.

Akapiga tena kutoka juu. Simu ikasema: tumbaku. Akaisuta kwa maneno mazito, akaipangusa kwa tai, akapiga ya tatu. Simu ikaomba picha iliyo wazi zaidi. Kumbe jemadari alikuwa anapiga majani. Ua lenyewe lilikuwa limempa kisogo, linatazama ardhi.

"Shuka," nikamwambia. "Ua linatazama chini, wewe unalitafuta juu. Lala."

"Nilale? Na shati hili?"

"Shati nitafua. Mkwe aliyezimia sifui."

Akatazama tope la maji ya kufulia. Akatazama shati. Kisha, enyi mnaonisikia, mwanamume yule akapiga magoti, akalala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka chini kabisa ya mti kama fundi chini ya lori, na maua yakamzunguka usoni kama vipaza sauti vya mkutano. Akanyoosha mkono. Simu ikalia.

"Mama Pacha," sauti ikatoka chini ya majani, sauti ndogo. "Linaitwa tarumbeta la malaika."

"Jina zuri. Linanywewa?"

"Majani sumu. Maua sumu. Mbegu sumu. Anayelila huona visivyokuwapo na kuongea na wasiokuwapo."

Kumbe mbuzi alikuwa amesoma. Lakini hatukupata muda wa kumpongeza, maana kwenye dirisha la jikoni tuliona jagi limejaa, na juu ya juisi vinaelea vipande vya rangi ya papai; kumbe wifi alikuwa ameshakata ua lake tulipoingia ndani kuchukua simu. Na geti likagongwa.

Shujaa alitoka chini ya mti kwa kasi ambayo wanafunzi wake hawajawahi kuruhusiwa. Aliingia jikoni na tope mgongoni, akalinyakua jagi, akalimwaga lote kwenye sinki.

"Kaka, umerogwa?" wifi akamwuliza. "Wageni hao mlangoni!"

Akanigeukia. Mimi sikumsaidia.

"Lile ua ni sumu," akasema hatimaye. "Si rosela. Nilikuambia tu. Nilikuwa silijui."

Wifi akamtazama kama anayemwona mtu huyo kwa mara ya kwanza. Kisha akaninong'oneza, "Wifi, huyu anaumwa?"

"Nawa mikono kwa sabuni," nikamwambia. "Usijiguse macho."

Mkasi, jagi na sinki nikavisugua mwenyewe. Wakwe wakakaribishwa kwa maji ya kunywa, wakayasifu kuwa ni baridi. Baba mkwe mtarajiwa, mzee mkimya mwenye fimbo, akapelekwa nyuma kupunga upepo; akausifia ule mti kwa mbali, akaambiwa jina lake na hatari yake, akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu akainua fimbo akaonyesha kichaka kilichokuwa kimejibanza pembeni ya bomba.

"Na ule pale, mwanangu, ni mmea gani?"

Nikashusha pumzi. Nikamwona mume wangu akivuta yake, kifua kikipanda, jibu likipanda nalo mpaka kooni.

"Ule siujui, mzee."

Iandikwe, wapokezane watoto wetu na watoto wao: siku ile, mchana kweupe, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili za ukoo, lilitamkwa neno hilo, na paa halikuanguka.

"Hata mimi siujui," mzee akasema, na wakasimama wote wawili wakiutazama, wametulia.