Pistoni Ishirini na Nne

Siku A-Pin alipoliona lile sanduku katika yadi ya vyuma chakavu kule Kaohsiung, hakuona vyuma, aliona duka. Ndani yake mlikuwa na pistoni ishirini na nne za pikipiki, mpya, kila moja imefungwa kwa karatasi yenye mafuta, na mwenye yadi alikuwa akiziuza kwa kilo pamoja na vipande vya mabomba. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini vitu vipya vikae miaka yote hiyo bila mnunuzi. A-Pin hakuwa na desturi ya kujiuliza maswali ambayo majibu yake hayana faida.

Jina lake kamili lilikuwa Chuang Yao-pin, nalo lilikwisha kuchorwa kwa rangi ya dhahabu juu ya kibao kirefu chekundu, kilicholala chini ya kitanda chake mjini Tainan tangu majira ya baridi. Kilichokosekana ni ukuta wa kukitundikia. Chumba alichokitamani kilikuwa pembeni mwa uchochoro wa mafundi, na mwenye chumba alitaka kodi ya miezi sita mkononi kabla ya Jumapili ya maandamano ya hekalu; siku hiyo ikipita, angempangisha muuza tambuu. A-Pin alikuwa ameishi miaka arubaini na mmoja akiuza vitu kando ya barabara, mguu mmoja tayari kukimbia. Alitamani, kabla hajazeeka, kuuza akiwa ameketi.

Pikipiki za uchochoro ule zilikuwa karibu zote za ukoo mmoja: zile za gia, zenye tangi refu, zinazobeba mitungi minne ya gesi bila kunung'unika. Katikati ya mwaka wa sabini na saba wa Jamhuri, kama kalenda ya Taiwan inavyohesabu, kiwanda kilibadili pini inayoishika pistoni. Injini za mwanzo wa mwaka zilikuwa na pini nyembamba. Zilizofuata, pini nene. Kwa macho hazitofautiani. Mwenye kutaka yakini husugua grisi ubavuni mwa injini na kusoma nambari: ikianza kwa herufi A, ni nyembamba, ikianza kwa B, ni nene. Ni kazi ya dakika moja, ila inachafua vidole. Kwa hiyo watu waliona bora kutoa kitabu cha pikipiki mfukoni, wakasoma mwaka tu. Biashara nzima ya A-Pin ilijengwa juu ya usafi wa vidole vya majirani zake.

Alianza na Hung, mbeba gesi, mtu mpana wa kifua na mwepesi wa kuamini, ambaye pikipiki yake ilikuwa imeanza kukohoa kwenye madaraja. A-Pin alimkuta akinywa uji wa samaki asubuhi, akamsimamia mezani bila kualikwa, akamuuliza mwaka wa chombo chake. Hung akatoa kitabu: sabini na saba. A-Pin akatikisa kichwa, kama tabibu aliyeona jambo asilopenda kumwambia mgonjwa.

"Ndugu yangu," akasema, "pistoni za mwaka huo zimekwisha duniani. Ninazo ishirini na nne. Nakuuzia wewe kwanza kwa sababu mkeo hupika kwa gesi ya kwenu wenyewe, na mtu kama huyo haifai aachwe na mume anayetembea kwa miguu."

Maneno hayo, ukiyapima, hayana maana yoyote. Lakini yalisemwa kwa huzuni ya kweli, na Hung alilipa dola mia sita za Taiwan kabla uji haujapoa. Kufikia mwisho wa juma la tatu sanduku lilikuwa tupu.

Injini zote za wanunuzi wake zilikuwa za herufi B. Zilipofunguliwa, pini nyembamba ilicheza ndani ya tundu pana kama ulimi wa kengele. Hung alirudi na pistoni yake mkononi, akasema kwa upole kwamba haikuingia, na kwamba sasa injini iko wazi na mitungi anaipeleka kwa mkokoteni. A-Pin alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa jibu alilokuwa amelitayarisha siku nyingi.

"Kaka Hung, mimi nilikuuliza mwaka, ukanipa mwaka. Anayeagiza spea huanza na nambari ya injini. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

Hung akaibeba pistoni yake hadi kwa Shangazi Su-chin, anakokwenda kila aliyeshindwa katika uchochoro ule.

Yeh Su-chin alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, fundi wa injini tangu ujana wake, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotakasika tena kwa sabuni ya aina yoyote. Aliigeuza ile pistoni kiganjani, akauliza imetoka kwa nani, zimeuzwa ngapi, na muuzaji alisema nini hasa. Hung alipolirudia lile neno la nambari ya injini, Shangazi aliomba alirudie tena. Kisha akampa chai.

Siku mbili baadaye A-Pin mwenyewe alifika kwenye karakana ya Shangazi, kwa kuwa pikipiki yake ilikuwa ikitoa moshi wa buluu mwingi kuliko ubani wa hekalu, akataka iongezwe oili. Alipotoka kunywa maji, alimkuta Shangazi amechuchumaa ubavuni mwa injini na kitambaa. Amefuta sehemu ndogo, upana wa kidole gumba. Kwingine kote grisi ya miaka ilibaki palepale. A-Pin alifurahi, akaona sasa anaheshimiwa.

Ndipo jicho lake lilipopanda hadi kwenye msumari ambapo Shangazi hutundika maagizo ya wateja. Karatasi ya juu ilisema: pistoni za pini nyembamba, ishirini na nne, dola elfu mbili kila moja, na chini yake nambari ndefu ya injini. A-Pin aliisoma bei mara tatu. Nambari hakuisoma hata mara moja.

Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayepitisha wakati, mnunuzi ni nani.

"Mwenye injini hiyo," akajibu Shangazi, bado akikunja kitambaa. "Jumamosi saa nne atakuwa hapa, hakosi. Lakini agizo lenyewe sijalithibitisha, mwanangu. Anayelitaka aanze na nambari."

"Shangazi, mambo ya nambari waachie wenye wasiwasi," akasema A-Pin, na karatasi ile ikaondoka naye ndani ya koti.

Ishirini na nne, idadi ileile aliyouza! Akaona hapa mbingu zenyewe zimeingia ubia naye. Akachukua akiba yote ya kodi ya chumba, akaanza kupita mlango kwa mlango, akisema kwamba dhamiri imemwamsha na anataka kuwarudishia watu fedha zao. Ajabu ni kwamba hakuna aliyezitaka. Mmoja alisema ameizoea pistoni yake kama kizuizi cha mlango. Mwingine alisema mkewe anakandamizia achari ya kabichi. Kila mmoja alihitaji kubembelezwa mpaka dola elfu moja, wengine elfu na mia tatu, na wote waliangalia chini walipokuwa wakipokea, jambo ambalo A-Pin alilihesabu kuwa ni kuona haya.

Wa mwisho alikuwa Hung. Pistoni yake ilisimama juu ya madhabahu ya nyumba, kichwa chini, imejaa majivu, na vijiti vitatu vya ubani vikifuka ndani yake.

"Siwezi, kaka Pin," akasema Hung. "Mababu wameshaizoea."

A-Pin alieleza kwamba mababu, kwa hekima yao, wangeridhika na kikombe. Hung akasema baba yake alikuwa mgumu sana kwa mabadiliko. Marehemu alilainika kwenye elfu na mia tisa.

Jumamosi saa nne, siku moja kabla ya maandamano, A-Pin alisimama mbele ya karakana na sanduku lake, nywele zimechanwa, mfuko mtupu kabisa. Uchochoro mzima ulikuwa na shughuli za ghafla hapohapo: mmoja anafagia palipofagiwa, mwingine anafunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu usio wa kawaida. Saa nne ikapita. Akamuuliza Shangazi yuko wapi mwenye injini.

"Karatasi unayo. Soma nambari."

Akaitoa, akaanza kusoma kwa sauti, herufi na tarakimu moja moja. Shangazi alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki inayotoa moshi, kidole chake juu ya ile sehemu safi yenye upana wa kidole gumba, na kwa kila tarakimu aliyoitaja A-Pin, yeye aliitikia kwa kichwa. Kufikia tarakimu ya tano sauti ya msomaji ilishuka. Kufikia ya saba ilikwisha.

"Mwenye injini kafika, kama nilivyokwambia," akasema Shangazi. "Na mzigo wake umefika. Sasa mlipane."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Hung peke yake alikohoa, kama pikipiki yake ilivyokuwa zamani, maana sasa ilikuwa imekwisha tiwa pistoni halali na haikohoi tena. A-Pin alilitazama sanduku, akaitazama pembe ya uchochoro, ambapo muuza tambuu alikuwa tayari anapima mlango. Kisha akapanda pikipiki na kupiga kiki. Injini ikatoa wingu moja zito la buluu, ikanyamaza.

Shangazi alisikiliza ule ukimya kama mtu asomewaye barua. Pistoni imekufa, akasema. Mtu mmoja wa nyuma akaona atoe msaada: si anazo ishirini na nne?

A-Pin akaiangalia tena nambari aliyoishika. Ilianza kwa herufi B.

Aliketi juu ya sanduku. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara, alikuwa ameketi. Shangazi akachukua kalamu kutoka nyuma ya sikio na karatasi mpya, akamkabili kwa adabu ileile anayompa kila mteja.

"Unaagiza pistoni moja, mwanangu?"

"Moja."

"Ya mwaka gani?"

A-Pin hakuufungua mkono wenye karatasi, wala hakuitazama injini. Akafumba macho, akaitaja nambari yote kwa moyo, tangu herufi ya kwanza hadi tarakimu ya mwisho, bila kukosea. Shangazi akaiandika, akaitundika msumarini, akamwambia malipo hutangulia.