Soli za Sumaku na Barua ya Meneja

Jumapili, 3 Machi

Leo, kwenye mkutano wa wauza soli, binti yangu kasimama mbele ya watu mia mbili, kipaza sauti mkononi. Mia mbili! Mimi niliyeacha shule kabla hawajanifundisha kugawanya, nimezaa mtu wa kushika kipaza sauti. Nililia mpaka mtu wa kiti cha mbele akageuka kuangalia kama paa linavuja.

Nyumbani tunamwita Meneja. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, alipopanga viatu vya wageni mlangoni kwa ukubwa na kumnyima mjomba wake kiatu cha kushoto mpaka aseme tafadhali. Sasa yuko kaunta ya duka la dawa, mwaka wa sita huu. Jioni anauza soli za sumaku. Unaziweka ndani ya kiatu, sumaku inavuta uchovu wote mwilini. Inaupeleka wapi, sikuuliza. Kampuni inajua.

Meneja ni Nyota ya Shaba. Ana watu kumi chini yake, mimi mmojawapo. Nimemzaa mwenyewe na niko chini yake, raha iliyoje! Akifikisha kumi na wawili kabla ya mkutano wa Jumamosi, anakuwa Nyota ya Fedha. Mkubwa wao, wanamwita Almasi, kasema Nyota ya Fedha hapaswi kuajiriwa na mtu. Kwa hiyo ataacha duka la dawa, awe bosi wa nafsi yake. Bado wawili tu. Mama yake nipo!

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza na wifi. Wifi ana mwana anayefanya kazi kwenye jengo lenye lifti. Hata ukienda kuazima mwiko, lazima lifti ipande na ishuke kwanza. Leo nikampandishia mimi Nyota ya Fedha. Akauliza soli zenyewe zimenunuliwa na nani. Nikamtajia: mimi, kaka yake, shangazi, mabinamu, mama mkwe wa binamu. Akasema hao si wateja, huo ni msiba umekaa vizuri.

Wivu! Nikampa kalamu aandike jina. Akasema ana chungu jikoni. Jiko lake tunaliona wote kutoka sebuleni. Limezimwa.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Mteja wangu wa kushonewa kaja kujaribu gauni. Nikamzungushia pini upindo wote, chini mpaka kiunoni, ndipo nikaanza habari ya soli. Mtu aliyejaa pini haondoki. Dakika arobaini nilizungumza. Akauliza kwa sauti ndogo, akiandika jina nitamwacha aende? Nikasema bila shaka. Akaandika. Mtu wa kumi na moja!

Halafu Baba Meneja akapita chumba cha kushonea na viatu vyake vya sumaku. Pini zote za sakafuni zikamfuata. Akapiga kelele ambayo sijaisikia tangu tufunge ndoa. Nikamwambia hiyo ndiyo nguvu ya bidhaa. Akasema heri uchovu wake wa zamani, walishazoeana.

Mchana wateja watatu wamekuja kuchukua vitambaa ambavyo hata sijavikata. Wote wana haraka. Mmoja alisimama barabarani, akaomba nimrushie.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempelekea mwenye duka la dawa fomu ya kujiunga. Ya nne hii. Zote naweka kwenye bahasha za kampuni, zenye picha ya unyayo unaotabasamu. Mtu mstaarabu sana yule. Akiniona anaingia nyuma ya rafu, nikimsubiri anatoka. Anapokea bahasha kwa vidole viwili, anasema ahsante mama, anaitia kwenye droo. Mtu wa namna hiyo yuko karibu kukubali.

Jioni Meneja kanionyesha barua yake ya kuacha kazi. Mwandiko! Herufi zimesimama kama watoto wa shule mstarini. Akasema bado hajaamua. Ataangalia Jumamosi inakwendaje, ndipo Jumatatu aipeleke au asiipeleke. Akauliza huyo wa kumi na moja alikubali kwa moyo wake? Nikasema aliandika kwa mkono wake. Kweli tupu.

Ijumaa, 8 Machi

Wa kumi na mbili kapatikana. Ni mimi. Nimejiandikisha tena kwa jina la usichana wangu. Si uongo, usichana nilikuwa nao, na watu waligeuka.

Sasa idadi imetimia, mtoto asubiri Jumatatu ya nini? Leo ni siku yake ya mapumziko. Alipokuwa anaoga nikaitoa barua kwenye mkoba. Bahasha za kawaida zimeisha, nikaitia kwenye ya kampuni, nikaikimbiza dukani. Vidole viwili. Ahsante mama. Droo. Nimemwondolea mwanangu mzigo. Nitamwambia kesho akishavishwa beji, furaha juu ya furaha.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike polepole.

Meneja akaitwa jukwaani. Almasi akamvisha beji ya fedha, akasema watu wake wasimame wakiitwa. Nikasimama. Akasimama baba yake, shangazi, mabinamu, mteja wangu akiwa na gauni lenye upindo nusu. Mwisho likaitwa jina la usichana wangu. Nikakaa. Nikasimama tena.

Meneja akaniona. Akatuangalia wote, mmoja mmoja, kama anayehesabu vidonge. Kisha akachukua kipaza sauti, akauliza ukumbi mzima: nani hapa amewahi kumuuzia soli mtu asiye ndugu, asiye jirani, wala hajajiunga? Anyooshe mkono. Mzee mmoja akanyoosha. Alitaka kujua choo kiko wapi.

Akasema basi tumekuwa tukiuziana wenyewe kwa wenyewe, na yeye amewauzia waliomlea. Akavua beji, akaiweka mezani taratibu, akasema kesho atapita nyumba kwa nyumba kuchukua maboksi yake ya soli na kuomba radhi. Almasi akasema huyo ana mawazo hasi. Hakuna aliyemsikia, maana nilikuwa napiga makofi. Peke yangu, nimesimama, kwa majina yangu yote mawili. Sauti ile! Kifua kile! Hata nilichokuwa nashangilia sikukielewa vizuri.

Njiani akanishika mkono, akasema, mama, bora ile barua sikuipeleka.

Nikaanza kuhesabu nguzo za umeme.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia asubuhi. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti changu cha kushonea akasema, "Mama." Akasema tena, "Mama." Ningependa kupigiwa kelele. Miaka sita pale kaunta! Wazee wanamfuata yeye tu, kwa sababu anawaandikia saa za dawa kwa herufi kubwa.

Kisha akanawa uso, akaenda kukusanya maboksi kama alivyoahidi. Nyumba zote. Aliporudi miguu ilikuwa imevimba. Sikumtajia soli.

Wifi kapita jioni, akasema kaka yake, yaani mume wangu, amebahatika kuwa na binti huyu. Lifti haikutajwa hata mara moja.

Jumatatu, 11 Machi

Tumekwenda kabla duka halijafunguliwa. Meneja akaniambia nibaki nje. Nikabaki nje, ila kichwa kilikuwa ndani.

Hakusingizia mtu. Akamwambia bosi wake kwamba barua aliandika yeye, lakini hakuituma, na kazi anaitaka. Mwenye duka akauliza, barua gani? Meneja akasema, iliyoletwa na mama Ijumaa. Yule bwana akageuka akakiona kichwa changu, akarudi nyuma hatua moja. Halafu akavuta droo.

Nyayo tano zinatabasamu. Hakuna iliyofunguliwa! Akakiri kwamba aliogopa akifungua itahesabiwa amejiunga.

Meneja akazipapasa, akaipata yake, akaichana vipande vinane. Akavaa koti jeupe. Mzee wa kwanza mlangoni akasema, afadhali upo, binti. Linamkaa vile koti lile! Nililishona mimi.

Jumanne, 12 Machi

Nimetulia, nimefikiri. Nani ameokoa kazi ya mtoto? Tuseme ukweli. Nisingepeleka zile bahasha nne, ya tano ingefunguliwa. Jitihada zangu ndizo zilizomzoesha yule bwana kutofungua. Meneja nimemweleza hivyo wakati wa chai. Alinitazama muda mrefu, akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kazini. Ana shukrani sana yule mtoto.

Mchana kaja mama mmoja kupimwa sketi. Anauza sufuria zinazopika bila mafuta, bila maji, na ukizizoea, karibu bila moto. Ukiwa na watu sita chini yako unaitwa Malkia wa Mfuniko. Nimejiunga hapo hapo, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Nimekwishaandika orodha yangu. Wa kwanza ni mwenye duka la dawa. Mara tano nimempelekea bahasha, na hajanikataa hata mara moja.